Siku Tano Kisiwani

Généreuse alikuwa ametandika vitanda vya watu wengine kwa miaka kumi na moja. Hoteli aliyofanyia kazi iko Euless, Texas, karibu kabisa na uwanja wa ndege, na wageni wanaotoka visiwani huacha mchanga kwenye bafu. Mchanga huo asikudanganye mtu: ukiumwagia maji unaziba bomba, ukiufuta unahamia kona nyingine. Alikuwa akiuokota kwa kitambaa huku akinung'unika, mpaka siku moja mwaka 2019 akajiuliza kwa nini yeye ni wa kuuokota tu, si wa kuuleta.

Ndivyo Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ilivyoingia nyumbani kwao Haltom City. Walikuwa wameshapata uraia wa Marekani, viza haikuhitajika, na ndege ilikuwa moja tu kutoka Dallas. Nyuma ya kalenda ya parokia aliandika mpango wa siku tano. Siku ya kwanza, kufika na kulala, na kitanda atandike mtu mwingine. Ya pili, ngome ya zamani na mji mkongwe. Ya tatu, msituni kuona maporomoko ya maji. Ya nne na ya tano, ufukweni, kukaa tu. Hayo maneno ya mwisho aliyapigia mstari mara mbili.

"Mama, just book it, lipia tu," alisema Annick, binti yao aliyekuwa chuoni. "Papa atakubali."

Papa hakukubali, na wala hakukataa. Siméon, mumewe, alikuwa mpakiaji ghalani, mtu mpole asiyejua kumnyima mkewe kitu. Lakini kila wiki alikuja na sababu mpya. Kwanza kilikuwa kimbunga cha miaka miwili nyuma. Généreuse akamweleza kwamba mwezi wa pili, watakapokwenda, si msimu wa vimbunga. Kisha bosi hatatoa ruhusa, na bosi akatoa. Kisha goti. Goti gani, Baba Annick, na juzi kwenye harusi ulicheza mpaka kiatu kikakuvuka? Siméon akacheka, akaenda kumwagilia nyanya zake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Généreuse alianza kuhisi kwamba hapa kuna ugonjwa unaofichwa.

Jumapili moja baada ya misa alimkuta mezani na simu, amefungua ramani ya kisiwa. Moyo wake ukafurahi. Akadhani amelainika.

"Hii barabara inaishia wapi?" Siméon aliuliza.

"Kwenye bahari."

"Na hii ya huku?"

"Kwenye bahari."

"Na hii kubwa?"

"Baba Annick, ile ni kisiwa. Zote zinaishia kwenye bahari."

Siméon aliiweka simu mezani taratibu. "Sasa kukitokea kitu, mtu anakimbilia wapi? Kule hakuna mpaka."

Généreuse alikaa. Mara ya kwanza Siméon alikimbia akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka 1972, kutoka Burundi kwenda Kongo. Mara ya pili alikimbia kwa miguu yake mwenyewe, mwaka 1996, vita vilipofika Uvira, hukohuko Kongo, akaishia Tanzania. Tangu hapo, kila walipohamia, njia ya kutokea ndiyo aliyoitafuta kwanza. Hapa Texas penyewe, kabla hajajua mchele unauzwa wapi, alikuwa ameshajua barabara ya kwenda Oklahoma, jimbo la jirani. Généreuse alikuwa akimtania kwa hilo mbele ya wageni, na wote walikuwa wakicheka, yeye Siméon akiwa wa kwanza. Sasa aliona haya.

Lakini hasira nayo ikampanda, na hakuizuia.

"Mimi pia nilikimbia. Nilikimbia na Natalia mgongoni, na wewe hukuwepo."

Jina hilo halikuwa likitajwa mle ndani. Asubuhi ile ya Uvira Siméon alikuwa ametoka kutafuta unga. Risasi zilipoanza, yeye alishika njia moja na mkewe akashika nyingine. Walikuja kuonana baada ya miezi saba, kambini Kigoma, na mgongo wa Généreuse ulikuwa mtupu. Mtoto alikuwa amezikwa kando ya njia, mahali ambapo baba yake hakuwahi kupaona.

"Sikuwepo," Siméon alisema.

"Basi mimi nimechoka. Miaka yote hii tunaishi kama watu waliosimama mlangoni. Hatujawahi kwenda mahali bila kufukuzwa. Mimi nataka kwenda tu, nirudi. Nitaenda na Annick. Wewe baki."

Siméon aliitazama mikono yake. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Wewe ukiwa kule na mimi niko hapa, kukitokea kitu, tutakutana wapi?"

Généreuse alikuwa na mpango wa siku zote tano, lakini humo hakuwa ameandika mahali pa kukutana. Angeweza kumwambia hakuna kitakachotokea. Ila na Uvira asubuhi ile walikuwa wameagana hivyo hivyo, kwamba hakuna kitakachotokea, nakwenda kutafuta unga. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Sijui," alisema. "Kweli sijui. Basi twende wote. Tukipotea, tupotee pamoja."

Siméon aliivuta simu, akaitazama tena ile ramani.

"Siku ngapi?" Siméon aliuliza.

"Tano."

"Tatu."

"Nne, Baba Annick."

Alikubali kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa juu ya meza. Généreuse alijua kwamba katika siku hizo nne mumewe hatafurahia hata moja, na kwamba atakwenda kwa sababu anaogopa kubaki. Aliishika ile mikono, na hakumwambia kwamba wanaweza kuiacha safari.