Mashati ya Baba na Pengo la Digrii Thelathini na Sita

Nakumbuka siku niliyoyakata mashati ya marehemu baba huku nikipiga mluzi. Naanza na ujinga wangu, mwanangu, usije ukausikia kwa watu. Na usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mimi niko kidato cha nne, wewe ndio kwanza umeingia kidato cha kwanza, unalilia kompasi iliyopotea. Kutangulia si kufika, lakini mashimo ya njiani nimeyaingia kabla yako.

Mama ni fundi cherehani hapa Waithaka. Mashati yale yalikaa sandukuni miaka. Siku za mvua alikuwa akilifungua, ananusa, anafunga. Harufu ilipoisha, akaamua kuyakata vipande na kuviunganisha viwe tandiko la kitanda chake. Akanipa kadibodi ya kupimia yenye pande sita, akaniachia mkasi, akaenda Ngara kununua uzi.

Pande sita, jamani. Niliona ni adhabu. Nikachukua mpira wangu uliopasuka, nikabandua kiraka cheusi, kile chenye pande tano, nikapimia hicho. Upande mmoja ukikosekana utamnyima nani usingizi? Mpira wenyewe umeshonwa kwa viraka hivyo na haujawahi kulalamika. Mama anarudi, mashati yamekwisha.

Akaanza kuvipanga vipande mezani. Pembesita, mwanangu, kila pembe yake ni digrii mia na ishirini. Tatu zikikutana zinajaza mduara mzima. Za kwangu za pembetano zilikuwa mia na nane. Ni pembe butu vilevile, kwa macho utaapa ni ndugu. Lakini tatu zilipokutana, likabaki pengo la digrii thelathini na sita, pembe kali kama ncha ya mkasi. Nikilisukuma huku, linachomoza kule. Mpira hujikunja ukaficha mapengo yake, kitanda hakijikunji.

 Mama alishika kipande chenye ukosi wa buluu, akakilaza kiganjani. Hakukuwa na shati jingine, wala baba mwingine. Mzaha wote ukaniishia. Nilitamani mzee aingie pale mlangoni anivute sikio, tena kwa hasira, mradi nimsikie tu.

Basi sikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema, na ni kweli, ila kabla ya ufa kulikuwa na kipimo. Fanya mzaha na daftari lako, hata na mwalimu ukithubutu. Kitu ambacho hakina kingine, kipime kabla hujakikata. Na ukishakosea usikimbilie uwanjani; simama pale pale mezani. Mungu akupe mkono mtulivu, na wa kukusamehe awe bado anapumua.

Mimi nilisimama. Mama akapitisha kidole ndani ya lile pengo, taratibu, kisha akasema:

"Niletee ile leso yangu nyekundu tuzibe. Hata akiwa hai, huyu mtu alikuwa ananiachia kanafasi kembamba hivi hivi kitandani."