Kabati la Mrehani

Fundi seremala wetu wa hapa Ibra, Omani, hubana parafujo midomoni anapofanya kazi, kwa hivyo akikasirika humsikii, unayaona masharubu tu yanacheza. Na ubao haukati mpaka aunuse. Laith, mtoto wa dada yake, alimwomba kabati lenye feni na kufuli, la kuoteshea mrehani wa mama yake ndani ya nyumba, jua lisiuunguze. Siku ya kulifunga chumbani, fundi akaiinamia miche iliyokuwa ikingoja, akanusa. Parafujo akazitema.

"Huu mrehani, Laith?"

"Wallahi mjomba, majani tu. Kabati hii..."

"Kabati hili! Hata maneno umeyafanyia uhuni! Mrehani hutiwa kwenye kikuba, wanawake wakanukia, mwana we. Bangi hii itatutia jela, mimi niliyekujengea na wewe!"

Laith akajikunyata, akidhani nyundo inakuja. Fundi akachukua bisibisi. Akalifungua kabati lote, ubao kwa ubao, masharubu yanacheza kwa ghadhabu, na hakukwaruza hata mmoja. Kisha akamsukumia Laith miche kifuani.

"Mamako yuko jikoni. Kampe mrehani wake."