Viatu vya Mwakani

Nimekulia Bunda, kwa wakulima wa pamba, na sikumbuki utotoni mwangu kuvaa nguo iliyonitosha. Sare yangu ya darasa la kwanza ilinunuliwa kwa kumfikiria msichana wa darasa la nne. Mikono ya sweta ilinifunika vidole, na kabla ya kuandika ilibidi niikunje kwanza kama mtu anayetaka kufua. Sketi ilikuwa na pindo nene ambalo mama alilifumua kila mwaka pamba ikishauzwa, na kila alipolifumua palitokea chini ukanda wa rangi iliyokolea, shule nzima ikajua nimerefuka. Viatu ndiyo usiseme. Vilijazwa pamba mbele, maana pamba kwetu haikuwa shida, na siku vilipoanza kunienea soli zilikuwa zimekwisha. Ukilalamika, mama alikuwa na jibu moja tu: utakua.

Na kweli nilikua, kwa hiyo sikuona sababu ya kubishana na hekima hiyo. Niliingia nayo kwenye ndoa, nikaja nayo Musoma, mtaa wa Mwisenge, nikabeba nayo mimba yangu ya kwanza.

Kwetu nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajazaliwa, watu wanasema ni kujitafutia mkosi. Basi siku niliyojifungua, mume wangu alitoka mbio kwenda sokoni peke yake, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumvalisha hata mdoli. Alirudi na mfuko wa mtumba uliotuna. Lebo za zile nguo ziliandikwa umri kwa miezi, lakini ilikuwa miezi ya watoto wa huko zilikotoka, ambao nadhani wanazaliwa wameshakula ugali. Dada yangu alipokuja kutoka Butiama kumwona mtoto, alifunua nguo ya kwanza, akafunua ya pili, akaniangalia.

"Sasa mtoto mwenyewe yuko wapi humu?"

"Atakua," nikamjibu, na sikucheka.

Majirani nao hawakubaki nyuma. Mmoja alisema kijana wangu anaonekana kama mrithi aliyevishwa koti la marehemu. Nilinuna siku nzima, halafu Jumapili nikamvalisha koti lile lile kwenda kanisani, ili waone kwamba sibabaishwi.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kunitania kuhusu mavazi ya mtoto alikuwa mama mkwe, na sababu ni kwamba alikuwa hayaoni. Anaishi Murangi, kando ya ziwa, kwenye mji wa mumewe aliouhamia akiwa bibi harusi. Macho yake yalianza kufifia kabla sijaolewa, na mtoto alipozaliwa alikuwa anaona mwanga na kivuli tu, basi. Lakini usimwonee huruma haraka. Yule mama anajua kila anayepita njiani kwa kikohozi chake, kwa mnyororo wa baiskeli yake, kwa namna anavyoburuza ndala. Mimi hunijua nikiwa bado mbali, anasema natembea kama mtu anayekwenda kudai. Hupika mwenyewe, huanika dagaa mwenyewe, na ukijifanya kumshika mkono anauliza kama wewe ndiye usiyeona.

Yeye mjukuu wake alikuwa anamwita "mume wangu", kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kiume. Nikimpigia simu hata salamu yangu haipokei vizuri. "Mume wangu hajambo? Amekula? Mbona unaninyimaga mume wangu?" Mimi namjibu kwamba mume wake ni mvivu, amelala, hata hela ya chumvi haleti. Tunacheka, tunaagana.

Mtoto alipoanza kutembea tulimpeleka Murangi kwa furaha kubwa. Alikuwa anatembea peku, kimya kama paka. Asubuhi ya siku ya pili, mama mkwe alitoka jikoni amebeba sufuria ya maji ya moto ya ugali wa muhogo aliotaka kuusonga nje kwenye mafiga ya uani, njia ambayo ameipita tangu aolewe. Mtoto akamkatiza mbele. Hakumsikia. Alihisi kitu laini kwenye goti, akajirudisha nyuma, maji yakamwagika chini pembeni, na hakuna hata tone lililompata mtoto. Mtoto alicheka, akaona ni mchezo. Bibi yake aliweka sufuria chini, akapapasa mpaka akamshika, akampapasa kichwa, mikono, tumbo, miguu.

Baada ya hapo akakaa. Kigoda kilikuwa karibu na mlango, akakikalia, na hakuinuka tena mpaka tulipoondoka. Alikunja miguu chini ya kigoda ili mtoto asijikwae. Akitaka maji, anaomba. Nilimwambia, mama, mtoto si amesalimika, tembea tu. Akasema, "Mimi mtu simwoni, na huyu simsikii. Nitamuua mume wangu ndani ya nyumba yangu."

Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Mwanamke aliyekuwa anatamba kwenye ule mji kama nahodha, sasa kakaa kama mgeni aliyekuja kuomba kazi, na kilichomketisha ni mtoto wangu. Nilijua pia itakavyokwenda: tutapunguza kumleta, kisha tutatafuta visingizio, mwisho mtoto atamjua bibi yake kwenye simu.

Tulipokuwa tunaaga ndipo akanivuta kanga. "Mkwe wangu, huko mjini si kuna ile viatu ya watoto ya kulia? Mtoto wa jirani alikuwaga nayo. Akitoka tu kwao, mimi najua anakuja. Mniletee mume wangu na ile viatu."

Nilirudi Musoma na moto. Viatu vya kulia vipo kila duka la watoto. Filimbi yake iko ndani ya soli, kisiginoni. Mtoto akikanyaga, pii, akiinua mguu, pii tena. Nilivipata Mwisenge, vyekundu, vina ua pembeni ambalo nililisamehe. Mtoto alikuwa mgongoni amelala, dada wa duka akamlinganishia kwenye unyayo.

"Namba ishirini inamtosha," akasema.

"Nipe ishirini na tatu."

"Dada, itampwaya."

"Atakua."

Alitaka kuongeza neno, nikamkatisha kwa kukibonyeza kiatu kwa dole gumba. Kikalia vizuri sana. Nikamwangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Tulifika Murangi Jumamosi mchana. Mama mkwe alikuwa ameshaoga, amevaa kitenge cha kanisani, amekaa kwenye kigoda chake mlangoni na uso ameuelekeza uani. Nilimvalisha mtoto viatu, nikafunga mikanda mpaka tundu la mwisho, nikamsimamisha.

"Ameshavaa?" mama mkwe akauliza.

"Ameshavaa, mama."

Mtoto akaenda. Miguu ilikuwa inaogelea ndani, kisigino chake kinatua katikati ya kiatu, mbali kabisa na filimbi. Akawa anaviburuza kwenye mchanga, shwa, shwa, kimya. Akazunguka uani, akarudi, akapita mbele ya magoti ya bibi yake.

"Mbona simsikii?"

Nilikimbilia dawa ya kwetu, nikachomoa pamba kwenye mto wa mtoto nikaijaza mbele ya viatu. Mguu ukarudi nyuma, lakini sasa mtoto akawa amesimama kama anayeogopa kutumbukia. Akapiga hatua, kikalia kimoja, pii, na kiatu cha pili kikabaki nyuma kwenye mchanga. Nikajaribu soksi za baba yake. Nikafunga kwa uzi wa nyavu. Jasho lilikuwa linanitoka na hasira zimenipanda, hasira za mtu ambaye hana wa kumkasirikia.

Mume wangu akaona aokoe jahazi. Akaokota kiatu kimoja, akachuchumaa nyuma ya mtoto, akawa anatembea kwa kuchuchumaa huku anakibonyeza kwa mkono kila mtoto anapopiga hatua. Pii, pii, pii, wakaja mpaka mbele ya kigoda. Mama mkwe alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande.

"Mwanangu," akasema, "magoti yako yanalia kuliko kiatu. Simama."

Tulicheka mpaka mtoto naye akakaa chini acheke vizuri. Kisha mama mkwe akaomba apewe huo mguu. Akauweka mapajani, akauingiza kwenye kiatu mwenyewe, akapima kwa kidole nafasi iliyobaki nyuma. Kidole kiliingia chote, na cha pili.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yake, mama. Nimenunua kubwa, kwa sababu atakua."

Hakunikaripia. Aliendelea kuushika ule mguu. "Atakua, ndiyo. Wa mwakani utamleta mwakani, kama Mungu atanibakiza. Mimi nataka kumsikia huyu wa leo."

Maisha yangu yote nimevishwa, na nikavisha, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika, na haikuwahi kunijia kwamba kuna mwenye haraka na huyu aliyepo. Nilimbeba mtoto, nikapanda bodaboda mpaka senta ya Murangi. Palikuwa na duka moja lililouza viatu vya watoto, katikati ya sabuni na ndoano. Vya kulia vilibaki jozi moja, rangi ya chungwa, vibaya kweli. Nikamvalisha pale pale juu ya kaunta. Vilimkaa barabara, mbele hapakubaki hata nafasi ya punje ya mtama. Moyo wangu wa Bunda ulilia kuliko vile viatu, maana nilijua havimalizi miezi mitatu. Nikalipa, nikamshusha akatembea.

Mama mkwe alitusikia kabla hatujafika uani. Nilimwona kwa mbali ameinua uso. Pii pii pii, mtoto akaingia anakimbia, akapita kushoto, akazunguka mafiga, akaenda kwa kuku, na uso wa bibi yake unamfuata kila anapokwenda kama vile anamwona. Aliacha afanye mizunguko yake. Kisha akaweka mikono magotini, akainuka kwenye kile kigoda, akaingia jikoni. Alitoka na sufuria ya maji ya moto kwa njia yake ile ile.

Pii, mbele yake. Akasimama.

"Mume wangu, nipishe hapo, nina moto."

Pii pii pii, mtoto akapisha. Mama mkwe akapita, akatenga sufuria, akaanza kuniuliza unga uko wapi na kwa nini nimesimama tu kama mlingoti.

Viatu vya chungwa havikumaliza hata hiyo miezi mitatu. Nikanunua vingine vya kumtosha, navyo vikambana, nikanunua vingine, na mama yangu wa Bunda alipopata habari alisema nimeharibiwa na mji. Vile vyekundu niliviweka juu ya kabati.

Mwaka uliofuata nilivishusha. Vilimwenea sawasawa, kisigino juu ya filimbi. Sikumwambia mtu. Tulipofika Murangi nilimvalisha njiani, nikamwachia mkono. Mama mkwe alikuwa uani anaparua sato. Mtoto akakimbia kwenda kwake, na mkono wa bibi wenye kisu ukatulia.

"Huyu anakanyaga mzito," akasema. "Siyo yule niliyemzoea."

"Ni nani basi, mama?"

Akaweka kisu chini. Akasikiliza mpaka viatu viliponyamaza mbele yake, akamshika mtoto mabega kwa mikono iliyojaa magamba.

"Ni yule wa mwakani," akasema. "Amefika."

Nilibaki nyuma na mizigo, machozi yananitoka, nimebana pumzi ili nisijulikane.

"Na wewe mkwe wangu, ingia ndani," akasema bila kugeuka. "Nakusikia."