Mtu wa Chini ya Ngazi

Siku yangu ya kwanza ya kazi sikugusa kioo hata kimoja. Nilikuwa nimetoka Kingi asubuhi kwa miguu, nimevaa kitenge changu kizuri, kwa sababu masista wa Masisi-centre walitafuta mwanamke wa kuosha madirisha ya nyumba yao na ya shule yao. Msimamizi wa usafi, mzee mfupi ambaye wote tulimwita Papa Chef, alinipeleka nyuma ya jengo, akasimamisha ngazi ya mbao ukutani, akaniambia:

"Leo hautagusa kiyo. Utashika ngazi."

"Mpaka saa ngapi, Papa?"

"Mpaka juma iishe."

Niliona amenidharau. Nilikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, nimelima mlimani tangu utoto, na huyu ananipa kazi ya kusimama. Lakini kusimama kwenyewe kulikuwa na namna yake. Mguu mmoja unakanyaga kipago cha kwanza, wa pili unabaki ardhini, mikono yote miwili iko kwenye miti ya ngazi, na macho yako yanamfuata aliye juu, si wapita njia. Kuegemeza nako alinifundisha: ngazi ikipanda hatua nne, chini yake itoke hatua moja mbali na ukuta. Ikitoka zaidi inateleza. Ikisogea karibu sana inaangukia nyuma pamoja na mtu.

Siku ya sita nilimuuliza nitaosha lini. Alikuwa anakamua kitambaa, hakuniangalia.

"Mama Mapendo, mwenye iko juu anaona kiyo tu. Mwenye iko chini njo anamuona ule wa juu. Kama haujue kushika, siwezi kukupandisha."

Juma lililofuata alinipandisha. Hapo nikajifunza kwamba vumbi la Masisi lina majivu ya volkeno ndani yake, na majivu hayo yanakwangua kama msasa. Ukipitisha kitambaa juu ya kioo kikavu, umekichora mistari ambayo haitatoka tena. Kwanza maji mengi. Kisha sabuni kidogo kwa sponji. Halafu rakleti, ule mpira ulioshikwa na chuma, unaovuta maji kutoka juu hadi chini kwa mkono mmoja bila kusimama njiani. Pembe unazimaliza kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa hadi kikalegea, maana kipya kinaacha manyoya. Rangi iliyorukia kioo unaitoa kwa wembe, na kioo lazima kiwe kimelowa.

Baada ya miaka kadhaa Sista Msimamizi, aliyetunza nyumba zote za shirika lao upande ule, alinihamishia Mweso. Nilifika wakati familia zilizokimbia vita zimejaa kila uwanja. Madirisha mengi hayakuwa na vioo tena, yamefunikwa kwa plastiki. Niliona haya kusimama na ndoo yangu mbele ya akina mama waliolala chini ya turubai, nikamwambia Sista kwamba labda kazi hii ingoje.

"Mu ile chumba kuko mama anashona nguo za watoto wenye wanazaliwa hapa," alinijibu, akinionyesha chumba cha pembeni. "Bila mwangaza atashona vidole vyake. Osha."

Nikaosha. Sikumwuliza tena swali hilo.

Sista alipoitwa kurudi kwao, aliyemfuata hakuhitaji mtu wa madirisha. Ndipo nikateremka Walikale, ambako mdogo wangu alikuwa anafanya biashara ya mafuta ya mawese. Ulikuwa wakati mzuri wa madini. Nyumba za kununulia kasiterite, jiwe la bati, ambazo watu huziita komtwari, zilikuwa zinapandishwa moja baada ya nyingine, na kila mwenye nyumba alitaka vioo vikubwa kuliko vya jirani. Hakukuwa na mtu wa kuviosha. Nikaanza kazi yangu mwenyewe.

Sikuanza peke yangu. Kavira alikuwa mwanamke mrefu wa upande wa Butembo, aliyekuja Walikale akiwapikia madereva wa malori ya mjomba wake, na malori yalipoondoka yeye akabaki. Alikuwa na mkono mwepesi na hakuogopa kimo. Fundi seremala alitutengenezea ngazi ndefu, tukanunua ndoo mbili na rakleti mbili, tukaanza kuzunguka. Wanaume walituita wanawake wa kupanda nyumba za watu. Kavira aliwajibu kutoka juu kwamba anawaona vipara vyao.

Walikale si Masisi. Ni msitu, na unyevu unaotesha ukijani chini ya kioo, pale kinapokutana na mbao. Ukijani huo tuliutoa kwa maji ya limau na mswaki. Tena kabla ya kusimamisha ngazi lazima uangalie chini ya paa kama mavu hawajajenga. Tulipokezana: leo mimi juu, kesho yeye. Kwa miaka yote ile hatukupanda hata siku moja bila mmoja wetu kuwa chini.

Halafu mambo yakaharibika. Ninyi mnaosoma mnaijua hali hii, sina haja ya kuieleza sana. Barabara ikakatika kwa matope na kwa bunduki. Ndege zikapungua. Komtwari zikafunga milango, na maofisi ya misaada yakapakia meza zao yakaondoka. Kipande cha sabuni kikawa kitu cha kufikiria mara mbili. Kila tulikopita tuliambiwa neno lile lile, kwamba kioo kinaweza kungoja. Hilo sikulikasirikia. Mtu asiye na chumvi nyumbani hawezi kuosha dirisha.

Ninachokikasirikia ni hiki. Tulibaki na mteja mmoja, nyumba ya wageni yenye etaje moja, ghorofa ya juu, ambayo jina lake silitaji. Gérant wake, yaani meneja, kijana aliyevaa viatu vyeupe katika mji wa matope, alituita ofisini.

"Ba mama, hali munaijua," alisema. "Muko wawili kwa kazi ya muntu moja. Mumoja anaosha, mwingine anasimama tu. Mimi sitalipa muntu wa kusimama."

Nilimweleza ngazi ni nini. Nilimweleza yote niliyofundishwa. Alikuwa anaangalia simu yake.

"Mama, kama haiwezekane, wengi wako pale inje wanatafuta kazi."

Na mimi nikakubali. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, mimi ndiye niliyefundishwa, na nikasema sawa. Tulipotoka, Kavira alisema tutafanya zamu, juma langu na juma lake, na kwamba sentineli wa pale, mlinzi wa lango, Papa Bonane, ni mtu mzuri, tutamwomba atushikie. Hivyo ndivyo tulivyofanya miezi kadhaa. Papa Bonane aliweka fimbo yake chini, akashika ngazi, na Gérant alijifanya haoni.

Siku aliyoanguka Kavira ilikuwa zamu yake, na mimi nilikuwa shambani. Mvua ilikuwa imenyesha, saruji ya nyuma ya nyumba ilikuwa inateleza. Kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara na wakubwa wa mji siku ile, na Gérant alitaka madirisha ya juu yang'ae kabla hawajafika. Kavira alikuwa juu, Papa Bonane chini. Gérant akamwita sentineli aje kupanga viti. Papa Bonane akajibu kwamba ameshika ngazi ya mama. Gérant akamwambia aache. Akaacha. Hakumaliza kupanga safu ya kwanza kabla ya kusikia ngazi ikianguka.

Nilimkuta Kavira kwenye kituo cha afya, amelazwa ubavu, uso umekuwa kama majivu. Muuguzi alinivuta pembeni, akaniambia nyonga imevunjika na pale hawana uwezo wa kuitengeneza. Lazima afikishwe hospitali kubwa upande wa Masisi, safari ya siku mbili kwa barabara ile, na hawana gari.

Nikakimbia hadi nyumba ya wageni. Gérant alikuwa mlangoni, anafunga kifungo cha koti.

"Pole sana, Mama," alisema. "Lakini ule mama hana kontra hapa, hana karatasi ya kazi. Alikuwa muntu wa inje."

"Naomba gari tu. Gari ya nyumba iko inasimama pale."

"Gari iko ya wageni leo." Akaangalia juu ya paa, kisha akanigeukia. "Madirisha tatu zilibakia, na sabuni inakauka. Wageni wako njiani. Haungenimalizia? Ngazi iko pale pale."

Nimeishi miaka mingi, nimekimbia na watoto mgongoni, nimezika ndugu. Sijawahi kusikia neno lililonichoma namna ile. Nilimwambia nitaichukua ngazi. Nikaenda nyuma, nikaibeba peke yangu begani, nikapita nayo uwanjani, nikailaza juu ya vidaraja vya kupandia mlango mkubwa, nikaikalia.

Gérant aliniambia kwa sauti ya chini niondoke. Sikuondoka. Aliniambia ataita askari. Nikamwambia aite. Wageni wakaanza kufika, koti baada ya koti, wakasimama mbele yangu hawajui pa kukanyaga. Mmoja wao, mzee mwenye malori, mtu wa upande wa Butembo ambaye tuliwahi kumwoshea duka, akauliza:

"Mama, kuko nini?"

Nikamwambia. Sikupiga kelele. Nilisema Kavira ameanguka kutoka pale juu asubuhi hii, kwamba nyonga yake imevunjika, kwamba aliyekuwa ameshika ngazi aliitwa kwenda kupanga viti ambavyo wao watavikalia.

"Huyu mama amechanganyikiwa na uchungu," Gérant alisema. "Hakuna muntu aliitwa."

Ndipo Papa Bonane akatoka nyuma ya lango. Alikuwa mtu asiyesema sana.

"Patron, uliniita. Nilikuambia niko nashika ngazi. Ukasema, acha, kuja. Niliacha. Mungu anisamehe, niliacha."

Mzee wa malori akamwita dereva wake. "Jeep yangu iko pale. Mumubebe ule mama sasa hivi, mutandike godoro nyuma."

Niliinuka, nikamshukuru. Nilipofika kwenye lango niligeuka kumtafuta Papa Bonane, nikaona wale wengine. Ngazi ilikuwa bado kwenye vidaraja. Walikuwa wanairuka mmoja mmoja, wakiinua suruali zao zisichafuke, wanaingia mkutanoni. Walikwenda kuzungumza juu ya hali mbaya ya uchumi.

Jeep ilitufikisha. Siku mbili nilishika kichwa cha Kavira kila gurudumu lilipozama. Mfupa ulitengenezwa lakini mguu ukabaki mfupi. Papa Bonane alifukuzwa jioni ile ile, na hadi leo analima. Gérant hakuja hospitalini, wala hakutuma neno.

Juma la pili, Kavira alipoanza kukaa kitandani, nilimwambia lililokuwa linanikaba. Nilimwambia mimi ndiye niliyekubali.

"Wewe ulikubali, na mimi nilikubali," alisema. "Tulikuwa na njaa. Yeye hakukuwa na njaa."

Niliporudi Walikale nilikuta jina langu limeshatangulia. Nilikuwa mama wa fujo. Hata duka la dawa lililokuwa limefunguliwa upya, lenye kioo kipana ambacho mikono yangu ilikitamani, liliniambia limepata mtu. Nilimwona mtu huyo, mwanamke wa umri wa binti yangu, juu ya meza iliyowekwa juu ya meza nyingine, peke yake. Nikaenda nikashika meza hadi alipomaliza. Nikamwonyesha namna ya kuvuta rakleti. Kisha nikaingia ndani nikamwambia mwenye duka nilichokuwa nafikiri, na baada ya hapo hakuna mlango uliobaki wazi kwangu katika mji ule. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakuna hotuba iliyotolewa.

Sasa niko Kingi. Vidole vyangu havinyooki vizuri na ngozi ya mikono imekatika kwa sabuni. Vijana wananiuliza kama kazi ile ilikuwa na faida, nami nawajibu kwamba ilikuwa kazi ya heshima na nilijua kuifanya. Padre ananiambia mtu wa umri wangu afaa kuweka hasira chini. Namsikiliza kwa adabu. Lakini naona kila hali inapokuwa ngumu, wenye nyumba wanatafuta cha kupunguza, na wa kwanza kupunguzwa ni yule anayemlinda mwenzake, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri hakuna kinachoonekana. Wanaita hiyo akili ya biashara.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibua, ambako Kavira ana kiduka cha chumvi, sabuni na viberiti. Anatembea kwa fimbo. Kiduka kina dirisha moja la kioo kuelekea barabara, na kioo kile kilikuwa kimefunikwa na matope ya pikipiki hadi ndani pakawa giza. Nilitafuta ndoo kwa macho.

"Acha, dada," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Akaweka maji motoni, akatafuta vikombe, kila hatua akiegemea kaunta. Hakutaka nimsaidie. Tuliongea juu ya wajukuu, juu ya barabara, juu ya Papa Bonane na mihogo yake. Kisha akaniuliza, bila kugeuka:

"Hasira yako ilishaisha?"

"Bado."

"Ya mimi pia bado," alisema, akanimiminia chai.