Miaka Minane Juu ya Uso Mmoja

Odero alisahau sura ya mama yake.

Si kusahau kidogo. Ilifutika kabisa, na yeye ndiye alikuwa ameapa kuichora.

Odero ni baba yangu mzazi, kwa hivyo usiniambie natia chumvi. Alinisimulia mwenyewe.

Mwaka wa 1950 alikuwa fundi wa rangi wa mabehewa ya reli hapa Nakuru. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka mitano, na hakuwahi kupigwa picha. Basi akakata turubai kuukuu, akalipigilia kwenye mbao, akaanza na rangi za mwisho wa mikebe.

Alikumbuka kitu kimoja: mama ameinama juu yake, anacheka.

Akachora. Akatazama.

Si yeye.

Akapaka juu, akaanza upya. Mwaka uliofuata akabadilisha pua. 1953, macho. 1955, kitambaa cha kichwa, eti labda ndicho kinachomchanganya.

"Baba Achola, huyu mama atazaliwa mara ngapi?" mkewe, yaani mama yangu, akamuuliza. Achola ni mimi.

"Mpaka atoke."

"Turubai limekuwa zito kama mlango!"

Jirani yao wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, Wasike, mchochea moto wa treni, alikuwa akichungulia dirishani. "Mzee, leo tuna mama gani?"

Odero alicheka nao, lakini alikuwa anaumia. Aliyebaki akimjua mama yake ni mmoja tu: Awuor, mdogo wa mama, na alikuwa anazeeka. Akienda huyo, nani atasema ni yeye au si yeye? Lakini kiburi nacho. Alitaka amwonyeshe picha ikiwa imekamilika.

1958 akasalimu amri, akamwita. Awuor akashuka kwenye treni na kuku wawili. Chai akaikataa.

"Nionyeshe dada yangu."

Akatazama sana.

"Huyu mwanamke simjui."

Odero akakaa chini, pu!

Awuor akasogea, akagusa mdomo wa picha. Mara akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

"Mjinga wewe! Umempa meno!"

"Kwani mama hakuwa na meno?"

"Ya chini, mwanangu! Sisi sote tuling'olewa sita tukiwa wasichana. Ona!" Akaachama. Pengo tupu.

Baba alilelewa misheni, ambako mila hiyo ya kwetu ya kung'oa meno ilikatazwa. Mapengo ya wazee aliyaona kila siku. Lakini mama yake alikufa kijana, na kwake yeye kijana ana meno.

Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Mstari mmoja mfupi juu ya meno ya chini.

Mama yake akamcheka.

"Dada," Awuor akasema, na machozi yakamtoka akitabasamu.

Ndugu yangu, ukiwa na mtu anayejua, muulize mapema. Kiburi cha baba kilikula miaka minane, pua kumi na moja, jozi sita za macho, vitambaa vitatu vya kichwa, na Jumapili zote za ujana wa mama yangu.

Kumbe kosa lilikuwa meno sita.