Mbuzi wa Severini Wanaogelea

Sisi wanawake wa Matombo tukipeleka ndizi barabarani hupita korongoni, katikati ya kuta mbili za mwamba. Ukishaingia, hakuna pa kupandia mpaka utokee upande wa pili. Jua linaweza kukuwakia utosini huku mvua ya mlimani inakushushia mto mzima. Kwa hiyo hatuingii kabla Mwanvita hajapiga simu juu.

Mwanvita ni mwoga wa maji, nasema wazi, na woga wake ndio uliotufikisha umri huu. Anayempigia ni Severini, mume wa mdogo wake, anayeishi kule mlimani. Tatizo ni kwamba mashemeji hawa hawaambiani neno bila utani.

Siku ya gulio ile, Mwanvita alimuuliza, "Shemeji, huko kukoje?"

Severini akajibu kwa sauti iliyotufikia sote: "Huku mbuzi wanaogelea! Ingieni tu, nije kula ubwabwa wa msiba wenu!"

Tulicheka sana. Mbuzi wa Severini huogelea hata kiangazi. Maimuna, binti yake Mwanvita, akajitwika mkungu wake akatangulia.

Mwanvita peke yake hakucheka. Alibaki ameshika simu, ananitazama.

"Raya, mbona alikuwa anapiga kelele vile?"

"Si kawaida yake?"

"Hapana. Nyuma yake bati lilikuwa linanguruma. Ile ni mvua!"

Mwanvita aliutupa mzigo akaingia mbio. Mimi na wenzangu tulibaki pale mdomoni mwa korongo, tunasikia sauti zao tu.

"Maimuna! Rudi!"

"Kuna nini, mama?"

"Rudi, nakwambia!"

"Na ndizi je?"

Miguuni pangu kijito kilianza kuleta majani mabichi, kisha kikageuka tope. Nikamwita Mungu kwa kila jina nilijualo. Walipotokea wameshikana mikono, tuliwavuta, tukaparamia ukingo kwa magoti. Maji yakapita chini yetu na magogo yake, ardhi inatetemeka.

Mwanvita alimzaba binti yake kofi, akamkumbatia, akalia kwa sauti mpaka nami nikalia.

"Nikikuita," alimwambia, "uje kwanza. Utaniuliza nikiwa nimeshakushika."