Walichukua mchoro mbovu: hasira ya fundi wa mashine za upepo Ikombe

Upepo bado haujaanza kuvuma Ikombe. Tusekile Mwakyoma amesimama juu ya ngazi, mita sita kutoka ardhini, spana ameibana kwa meno. Chini yake wanaume watatu wameshika kamba. Analegeza nati ya mwisho, anawaambia, "Taratibu," na mashine yenye mapanga matatu inateremka hadi mchangani.

Ubavuni ina nembo ya kampuni moja ya mjini. Tusekile anashuka, anaifuta vumbi kwa kiganja, anaiangalia.

"Hii ni kazi yangu," anasema. "Ila ni ile kazi niliyoitupa."

Ana miaka 43 na watoto watatu. Ni fundi wa kusuka mota, karakana yake iko Kyela mjini ubavuni mwa duka la vifaa la Bashiri. Kwa miaka kumi na saba amekuwa akisuka upya mota za mashine za kukoboa mpunga, kwa shilingi elfu arobaini mota moja. Mwezi mzuri anapata mota nane. Mwezi mbaya, mbili.

Mwaka 2019 alianza kutengeneza mashine ya kuzalisha umeme wa upepo, ya kutosha taa nne, simu na redio. Alitumia habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gari bovu, sumaku, waya wa shaba aliousuka mwenyewe, na mapanga aliyochonga kwa mbao. Akaisimamisha nyumbani kwake Njisi.

Iliwaka miezi mitatu. Julai upepo ukazidi, mashine ikazunguka kupita kiasi.

"Panga lilichomoka likaenda kukita kwenye mgomba," anasimulia. "Mimi nilikuwa naanua nguo. Lilipita hapa." Anaonyesha usawa wa shingo yake.

Alitafuta dawa kwa miezi minane. Dawa ikawa mkia, lile bapa la nyuma linaloielekeza mashine kwenye upepo. Aliufungia bawaba, ili upepo ukizidi mkia ujikunje, na mashine igeuke ubavu badala ya kuukabili upepo uso kwa uso. Tangu hapo hakuna panga lake lililochomoka tena. Aliuza mashine kumi na moja, nyingi Busale na vijiji vya jirani.

Ndipo akaja Dickson, ofisa wa mradi wa ile kampuni. Alikaa karakanani siku nne, akimwita Tusekile "mama" na kunywa chai yake. Alipiga picha daftari lote la michoro. Alisema kampuni itatengeneza mashine nyingi, na yeye atakuwa fundi mkuu.

"Nilimwonyesha mchoro wa kwanza, nikamwambia huu una kasoro, utaua mtu. Nikamwonyesha wa pili wenye bawaba. Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa."

Tusekile ndiye aliyempandisha Dickson kwenye mtumbwi kutoka Matema hadi Ikombe na kumtambulisha kwa wanakijiji. Baada ya safari ile simu yake haikupokelewa tena.

Mwaka uliofuata mashine kumi zilisimamishwa Ikombe, kwa mkopo. Mkia wake haukuwa na bawaba. Fundi mmoja aliyezifunga alimweleza Tusekile sababu: bawaba ingeongeza gharama.

Julai iliyopita, panga lilichomoka na kupasua paa la Marta Ezekiel, mama wa miaka 56 anayefinyanga vyungu. Lilivunja vyungu vilivyokuwa vikikauka, likamkata mkono wa kulia. Alishonwa nyuzi kumi na nne.

Tunamkuta ameketi barazani, udongo uko mbele yake. Anafinyanga kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia havikunjiki.

"Nilikuwa natoa vyungu sita kwa siku," anasema. "Sasa viwili, tena vimepinda. Walikuja watu wa kampuni, wakatazama paa, wakasema ule ni upepo wa Mungu."

Tusekile anadakia kabla hajamaliza. "Upepo ni wa Mungu, mama. Mashine ni yao."

Marta hakuwa akizungumza naye hapo awali. Tusekile alipokwenda kumwona baada ya ajali, alimsalimia "Ugonile," naye Marta hakuitikia. Alisema neno moja tu: "Wewe ndiye uliyemleta yule kijana."

"Hakunisingizia," Tusekile anasema. "Ni kweli nilimleta. Kuibiwa mchoro ningeweza kuvumilia, mafundi tunaibiana kila siku. Lakini walijua. Niliwaambia kwa mdomo wangu."

Alirudi Ikombe mwezi Machi, akaomba mkutano wa kijiji. Alikiri mbele ya watu wote kwamba mchoro ulikuwa wake, akaeleza kasoro yake, akaomba ruhusa ya kuzishusha mashine zote kabla upepo wa kusini haujaanza. Hadai malipo. Wanakijiji walikubali.

Wiki mbili baadaye alipokea barua. Kampuni inasema mashine ni mali yake hadi mkopo umalizike, na kwamba fundi asiye na idhini akizigusa atashtakiwa. Ameikunja barua hiyo ndani ya mfuko wa spana, na anamwonyesha yeyote anayeuliza. Tulipompigia Dickson, alisema yeye si msemaji, akakata simu.

Leo Tusekile ameshusha ya sita, mbali na ile iliyomkata Marta, ambayo ilishushwa zamani. Tatu zimebaki.

Kijiji kimempa eneo kwenye ncha ya mawe, mbali na nyumba, asimamishe mashine yake mpya yenye bawaba. Itakaa hapo Mei hadi Agosti, kila mtu akiiona, kisha ataipeleka kupimwa ubora. Ameapa kutouza hata moja kabla ya hapo. Marta amesema atakwenda kuiangalia, lakini hajasema ataichukua.

"Siku upepo ukiwa mkali kuliko zote, nitakaa chini ya mashine yangu kutwa nzima," Tusekile anasema, huku akijitwisha ngazi begani kuelekea nguzo inayofuata. "Na yule aliyeandika barua namkaribisha. Zake zimebaki tatu. Achague moja kabla sijaishusha, akae chini yake."